Bei Moja ya Mahindi, Kutoka Sumbawanga Hadi Pwani

Waulize wazee wa Dar es Salaam kuhusu unga wa Yanga, watakunja uso kabla ya kujibu. Ulikuwa unga wa mahindi ya njano yaliyoletwa kwa meli, nao ukapewa jina hilo kwa rangi ya jezi za klabu ya Jangwani. Ukame wa 1973 na 1974 ulikuwa umeangusha mavuno, bei ya mafuta imepanda duniani kote, na akiba ya fedha za kigeni ikamalizikia kwenye nafaka. Zaidi ya hayo, Operesheni Vijiji ilikuwa ikiwahamisha wakulima katika miaka hiyohiyo. Wakubwa walipendelea kuutaja ukame peke yake. Lakini mtu aliyeondolewa kwenye shamba lake wakati wa kupanda, avune nini?

Tangu Mei 1972 chama tawala, TANU, kilikuwa kimeshatangaza mjini Iringa kwamba Siasa ni Kilimo. Njaa ilipobisha hodi, ikafuata kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona: maofisi, viwanda na shule vikatakiwa kuwa na mashamba, na makarani wakashika jembe. Kampeni hizi ndizo zinazokumbukwa, nadhani kwa sababu majina yake yalikuwa matamu. Kilichobadili ramani ya chakula ya Tanzania ni uamuzi mwingine ambao haukuimbiwa ngonjera: bei moja ya mahindi kwa nchi nzima.

Mnunuzi halali alikuwa mmoja, Shirika la Taifa la Usagishaji, lililoanzishwa 1968 na kujulikana na wote kama NMC. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, kilo ya mahindi ya Sumbawanga ililipwa sawa na kilo ya Kilosa, na nauli ya lori ikawa juu ya NMC. Nia ilikuwa haki: mkulima asiadhibiwe kwa kuzaliwa mbali na soko. Kwa mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, yenye mvua za uhakika, mahindi yakageuka zao la fedha. Mbolea ilikuja kwa ruzuku, mbegu bora zikasambazwa, barabara kuu ya Zambia ilikuwa imetiwa lami, na reli ya TAZARA ikakamilika 1975.

Upande wa pili wa hesabu ulikuwa mchungu. Mkulima wa karibu na mji aliona bei ya serikali ni ndogo, akamuuzia mlanguzi usiku. Hivyo NMC ikazidi kutegemea mahindi ya mbali, yaani gunia lililokuwa ghali kuliko yote kulisafirisha. Kila msimu mzuri wa kusini uliiongezea NMC deni katika Benki ya Taifa ya Biashara.

Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, vilivyokuwa vikiikusanyia NMC mahindi. Malalamiko ya wizi na upendeleo ndani ya vyama hivyo hayakuwa ya kubuni. Ila ndivyo vilivyojua njia za vijijini, mizani iko wapi na nani anadai nini. Baada ya hapo NMC ikatakiwa kununua moja kwa moja kutoka maelfu ya vijiji, kwa malori yasiyotosha na vipuri visivyopatikana. Serikali ilimfukuza mshirika wake, kisha ikajikuta inafanya kazi yake bila kuijua. Sheria ya 1982 iliwarudisha wanaushirika, na vyama vikuu vikaanza tena 1984, lakini mali na watu wake wa zamani walikuwa wameshatawanyika.

Mwaka huohuo wa 1984 ruzuku ya sembe ikaondolewa, na kiasi cha nafaka ambacho mtu aliruhusiwa kusafirisha bila kibali kikapandishwa hadi kilo 500. Kabla ya hapo, mama aliyetoka kijijini na magunia mawili ya kulisha watoto mjini aliweza kushushwa kwenye kizuizi kama mlanguzi. Mwaka 1987 masharti hayo ya usafirishaji yakafutwa.

Bei moja ilikufa pamoja na nguvu za NMC, ila wakulima wa kusini hawakuacha mahindi. Tangu 2008 kuna Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, anayenunua sehemu ya mavuno yao kwa bei inayopangwa na serikali. Sehemu kubwa huenda kwa wafanyabiashara binafsi. Juni 2017 serikali ilipozuia kuuza mahindi nje ya nchi, bei zikaporomoka, na wakulima wa Rukwa na Ruvuma wakabaki na maghala yaliyojaa huku wakiulizia ni lini NFRA itafungua vituo vya kununulia.