Meno ya Biva: Wimbo Ulioishi Kuliko Dawa Yake

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuuliza kazi fulani inalitumikia tabaka gani. Ni mara chache swali hilo tunalielekeza kwenye wimbo wa kuuzia dawa ya meno. Katika makala haya nataka kulielekeza huko, na mfano wangu ni Ipana, dawa ya kampuni ya Bristol-Myers ya Marekani, ambayo Wamarekani wenye umri mkubwa bado wanaiimba ingawa madukani mwao ilikwishatoweka.

Mhusika mkuu wa matangazo ya Ipana katika miaka ya 1950 alikuwa Bucky Beaver, katuni iliyochorwa na studio ya Walt Disney. Biva ni mnyama wa mitoni huko Amerika ya Kaskazini, anayeangusha miti kwa meno yake ya mbele. Aliyempa sauti ni Jimmie Dodd, yule yule aliyekuwa kiongozi wa kipindi cha watoto cha The Mickey Mouse Club, kilichoonyeshwa kuanzia 1955 hadi 1959. Kwa hiyo mtoto alisikia sauti moja ikimburudisha na sauti hiyo hiyo ikimuuzia. Ujanja ulianzia hapo.

Hebu tuitazame fani. Kiitikio kinachukua kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kupiga mswaki, kinakirudia mara tatu, na kila mara kinakibandika irabu -a mwishoni. Msomaji wa Kiswahili lazima atabasamu, maana ndivyo tunavyoyafanyia maneno ya kukopa: hatupendi yaishie na konsonanti, tunayapa irabu yapate kutamkika. Mtunzi wa Marekani naye, bila ya kutuuliza, aliona kwamba neno lililofungwa halichezeki. Alipolifungua likapata mwendo wa mkono, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Huu ni wimbo wa kazi kabisa, ndugu zangu, jamii moja na nyimbo za kutwanga na za kuvuta jarife. Tofauti ni kwamba anayetwanga huimba apate unga wake, ilhali mtoto huyu aliimba ili mfuko wa mwenye kampuni ujae.

Halafu kuna kichekesho ambacho watunzi hawakukitangaza. Meno ya biva halisi si meupe. Ni ya rangi ya chungwa, kwa sababu ganda lake la nje lina madini ya chuma, na chuma hicho ndicho kinachoyasaidia kustahimili asidi. Eti huyo ndiye aliyeitwa kuhubiri meno yang'aayo!

Sokoni Ipana ilishindwa. Mwaka 1956 Procter & Gamble walieneza Crest nchini kote, dawa yenye floraidi iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana. Tarehe 1 Agosti 1960 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kikaithibitisha kuwa inasaidia kuzuia meno kuoza. Baada ya hapo biva aimbe nini tena? Kumbe jina lenyewe halikufa: Procter & Gamble, hao hao wa Crest, wameuza dawa kwa jina la Ipana nchini Uturuki.

Mimi wimbo huu nimeukuta ndani ya filamu ya Grease ya mwaka 1978. Wasichana wamekusanyika chumbani usiku, televisheni inatangaza Ipana, na mmoja wao anaimba pamoja nayo. Filamu hiyo inaigiza miaka ya 1958 na 1959. Ndiyo kusema, miaka 20 tu baadaye, tangazo lilikwishageuzwa alama ya ujana uliopotea. Hakuna anayeimba pale kwa sababu anataka dawa. Wanaotazama wanajitaka wenyewe walivyokuwa.

Lakini kumbukumbu inachagua. Kabla ya katuni, dawa za meno zilijinadi redioni. Ipana ilikuwa na bendi yake, Ipana Troubadours, tangu miaka ya 1920. Mwaka 1929 Pepsodent ilianza kudhamini Amos 'n' Andy katika mtandao wa NBC, mchezo ambamo Wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, waliigiza Wamarekani Weusi kwa lafudhi ya kuchekesha. Taifa zima lilikaa kuusikiliza. Biva anakumbukwa kwa mapenzi. Hao wawili hawapati nafasi katika masimulizi matamu ya zamani, wakati mchezo wao nao ulilipiwa na dawa ya meno. Mhakiki anayeshangilia kiitikio na kuruka habari hii amesoma nusu ya kitabu.

Na sisi je? Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo wazazi wetu wengi hawana biva wala sungura wa kumkumbuka. Wao walikuwa na redio, na Idhaa ya Biashara ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Ukimuuliza mama yangu kuhusu shairi alilolisoma darasa la saba anakuna kichwa. Muulize tangazo la sabuni: atakuimbia lote, na mahadhi yake, huku anachambua mchele. Sijasikia somo lolote hapa chuoni linalouhesabu wimbo huo kuwa fasihi simulizi. Likizo hii nitachukua kinasa sauti nikamrekodi, na kama kuna mwenzangu mwenye mama wa aina hiyo, aje tulinganishe.