Goti la Ilmatar, Chungu cha Mumbi

Waswahili husema chupa imepasuka mama anapokaribia kujifungua. Maji hutangulia, mtoto hufuata. Anayejua hivyo haoni ugeni mkubwa anapokutana mara ya kwanza na hadithi inayofungua Kalevala, utenzi mkuu wa Ufini.

Ilmatar, binti wa hewa, anashuka baharini. Upepo na mawimbi vinampa mimba, naye anaelea na utungu wake kwa miaka 700, hana pa kuegemea wala wa kumshika mkono. Bata anayetafuta pa kutagia analiona goti lake limejitokeza juu ya maji, anadhani ni kisiwa. Anataga mayai sita ya dhahabu na la saba la chuma, kisha anaatamia. Joto linazidi hadi ngozi ya goti inaungua. Ilmatar analitikisa, mayai yanaanguka na kupasuka. Ganda la chini linakuwa ardhi, la juu linakuwa mbingu, kiini kinakuwa jua na ute unakuwa mwezi.

Hata hivyo, goti hilo halikuwa la mama tangu mwanzo. Katika toleo la kwanza la mwaka 1835, ndege alitaga juu ya goti la shujaa Väinämöinen. Elias Lönnrot, tabibu wa Kajaani aliyekusanya nyimbo hizo vijijini, ndiye aliyempa mama nafasi hiyo katika toleo kubwa la 1849, na Väinämöinen akawa mtoto wake. Naona alifanya uamuzi wa haki. Kuiacha dunia itokee juu ya goti la mwanamume ilhali mwanamke yumo majini na mimba yake kungekuwa kumnyima mzazi kazi yake.

Sasa turudi kwetu, Bonde la Ufa, tukianza na lugha za pande hizi mbili. Kifini hakina jinsia ya kisarufi. Hän ni sawa na “yeye” yetu, mume au mke. Uke wa Ilmatar umebebwa na kiambishi -tar kilichopachikwa kwenye ilma, yaani hewa. Wamaasai hawahitaji kupachika kitu mwishoni, kwani uke unatangulia neno: Enkai ni Mungu, enkare ni maji, na en- hiyo ni alama ya kike. Jina la Nairobi limetoka humo, kwenye maji yaliyo baridi. Sarufi peke yake haithibitishi imani, lakini hapa imani inakwenda nayo. Neno Enkai hutaja Mungu na pia mvua. Enkai Narok, mweusi kama wingu lililojaa, ndiye mwenye wema. Enkai Nanyokie, mwekundu, ndiye wa hasira na ukame.

Hapo ndipo mila hizi mbili zinapoachana. Ilmatar ana maji tele, anachokosa ni ardhi, basi ardhi ndiyo inayozaliwa. Nakuru, ambayo jina lake la Kimaasai lina maana ya mahali pa vumbi, ina ardhi tele, na kinachoombwa kushuka ni maji. Kila jamii humtazamia mzazi wa ulimwengu alete kile ambacho watoto wake wanakikosa.

Wakikuyu, majirani wa Wamaasai katika bonde hili, wana Mumbi, mama wa mabinti tisa walioanzisha koo zao. Jina lake halihitaji mkalimani kwa Mswahili: ni kuumba, ni Muumba. Kwa Wakikuyu kufinyanga vyungu kulikuwa kazi ya wanawake, na mfinyanzi anajua siri ambayo Ilmatar aliipata kwa maumivu. Udongo mkavu hupasuka mkononi. Ukizidi maji, ukuta wa chungu hulegea na kuanguka. Kiganja kinalowekwa kidogo, kinapitishwa taratibu, kinalowekwa tena. Umbo hutokea pale maji na ardhi vinapopatana kwa kipimo.

Kipimo hicho kimevurugika. Tangu takriban mwaka 2010 maziwa ya bonde letu yamekuwa yakipanda: Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo. Mahali pa vumbi pamegeuka mahali pa maji. Huko Kihoto, Naivasha, ziwa limeingia hadi ndani ya nyumba na familia zimehama zikiwa zimebeba magodoro kichwani. Mito Njoro, Makalia na Nderit inayoingia Ziwa Nakuru huanzia upande wa Msitu wa Mau, na ziwa lenyewe halina mto wa kutokea, hivyo yanayoshuka kutoka Mau huishia humo.

Tuwafundishe watoto wetu hadithi hizi kwa pamoja, na tuutunze Mau kama tunavyomtunza mzazi. Sisi tuliozoea kumwomba Enkai ateremshe maji, leo tuna mama wa Kihoto anayetafuta kile kile alichokitafuta Ilmatar: mahali pakavu pa kumlaza mtoto.