Ritifaa ya ng'ombe: herufi au kituo?

Andika #Ng'ombe kwenye mtandao wa kijamii uone. Mara nyingi kiungo huishia #Ng. Kichwa kimo zizini, kiwiliwili kimebaki nje.

Chanzo ni cha zamani. Mwaka 1963 Marekani ilitangaza jedwali la msimbo liitwalo ASCII, lenye nafasi 128 tu. Toleo hilo la kwanza halikuwa hata na herufi ndogo, ziliingia 1967. Ritifaa ilipewa namba 39, na kwa kuwa nafasi zilikuwa haba, kijiti hicho kimoja kilichonyooka kikabebeshwa mizigo mingi: kufunga mtajo, kuziba pengo la herufi zinazodondoshwa katika Kiingereza, hata kukaimu alama ya mkazo ya Kifaransa. Mizigo yote hiyo ni ya wageni. Ya ng' haikuwamo.

Msimbo wa baadaye, Unicode, ulipotoa toleo lake la kwanza mwaka 1991, nafasi zilikuwa tele. Pamoja na namba, kila alama hupewa ukoo wake: A ni herufi kubwa, 7 ni tarakimu, nukta ni uakifishaji. Programu haina macho ya kutazama umbo. Huuliza ukoo, kisha huamua neno limeishia wapi.

Ritifaa ikapata makao matatu. Iliyonyooka, ile ile 39 ambayo Unicode huiandika U+0027, ni uakifishaji. Iliyopinda, U+2019, ambayo programu za kuandikia hupenda kuiweka zenyewe, nayo ni uakifishaji. Ya tatu, U+02BC, inafanana na hiyo ya pili kama pacha, ila imesajiliwa kuwa herufi. Kwa kuwa kila moja ina namba yake, ukimtafuta ng'ombe kwa alama iliyonyooka, programu isiyo makini itampita aliyeandikwa kwa iliyopinda.

Tusiionee Unicode: kanuni zake za kutenga maneno huiacha ritifaa iliyo kati ya herufi ibaki ndani ya neno. Wanaozipuuza ni watunga programu, na akina Nyong'o na Wang'ombe ndio wanaokataliwa na fomu za mtandaoni.

Wahawaii wana alama yao inayofanana na ritifaa, okina, U+02BB, iliyo katika ukoo wa herufi, na kibodi zao huitoa. Sisi ritifaa ndiyo hututenganishia ng'oa ya magugu na ngoa ya wapendanao, kazi ambayo kituo hakiiwezi. Watengenezaji wa kibodi za Kiswahili, tuwekeeni U+02BC mahali panapofikiwa kwa kidole kimoja.