Mwarobaini

Mwarobaini (Azadirachta indica) ni mti wa Bara Hindi, wa familia ya Meliaceae, unaopandwa kwa kivuli na dawa Afrika Mashariki yote. Jina lake la Kiswahili, ambalo Kenya hutamkwa pia mwarubaini, latokana na imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Wasindhi na wasemaji wa Kihindi huuita nim, Wagujarati limdo. Sehemu ya kwanza ya jina la kisayansi imetoka Kiajemi, azad dirakht, yaani mti huru.

Kila kijani chake, yaani jani dogo, kina meno kama msumeno na ubavu mmoja mpana kuliko mwenzake. Ukikitafuna, uchungu hubaki ulimini muda mrefu. Majani huchemshwa kwa homa au kuogewa kwa upele. Kokwa zina azadiraktini, kemikali iliyotengwa mwaka 1968, ambayo huwazuia wadudu kula na kukua; kwa mkulima wa mboga hii ni faida kubwa, na inastahili kutumiwa zaidi. Mafuta ya kokwa hizo yasinyweshwe mtoto mchanga kamwe: yamewahi kusababisha degedege na vifo. Wala chai ya majani haichukui nafasi ya kipimo na dawa ya malaria.