Wazee Waliobaki Tanga

Fungueni vitabu, tusome pamoja.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge nchini kwetu. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Baadaye mashamba yalienea Pangani, Muheza na Korogwe. Kazi ikawa nyingi kuliko watu, ndipo vijana wakaletwa kutoka mbali: Kigoma, Songea, hata Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba.

Siku ya mapumziko waliweka mapanga chini, wakacheza ngoma za kwao. Watu wa kabila jingine walikuja kutazama. Hivyo ndivyo mgeni alivyopata rafiki.

Mikataba ilipokwisha, wengi walirudi kwao. Wengine walizeeka huku, bila mke wala mtoto.

Mjini Tanga, mahali paitwapo Mwanzange, yako makazi ya wazee wasio na wa kuwatunza. Katika makazi kama hayo mzee hupata chakula na kitanda. Lakini je, nani atazungumza naye? Mchezo wa bao, ngoma ya kwao, au matembezi mpaka pwani si anasa kwake. Ni dawa ya upweke.

Basi, mwanafunzi, je, yuko mzee wa namna hii karibu nawe? Mwamkie. Akiweza kutembea, mwende pwani pamoja. Muulize alifikaje huku, na alicheza ngoma gani. Andika jina lake na jina la kijiji chake, kisha umsomee.

Hilo ndilo zoezi letu. Kwaherini.