Bahasha za Dallas

Nilipotea kidogo, testi zilikuwa zimenikaba koo. Sasa nimepumua, na leo nina stori iliyoanzia uwanjani kwetu hapa lakini inaishia mbali sana.

Jumamosi kulikuwa na mechi ya vitivo. Wapinzani wetu walikuwa na straika mmoja ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona kwenye lekcha hata siku moja. Mamluki, bila ubishi. Kamati ikakaa, ikazozana, mwisho ikamfungia yule kijana. Waliomleta, wakampa nauli na hela ya chipsi, wamebaki na vyeo vyao. Nikarudi chumbani nimenuna, na kilichonijia kichwani ni kisa cha Southern Methodist University ya Dallas, Texas. Kama wewe ni mtu wa historia na hukijui, kaa kitako.

Kwanza uelewe kwamba Marekani michezo ya vyuo si bonanza la Jumamosi kama letu. Ni viwanja vinavyojaza makumi ya maelfu ya watu, haki za televisheni, na makocha wanaolipwa kuliko maprofesa. Chombo kinachosimamia, NCAA, kilianzia mwaka 1906, baada ya vijana kadhaa kufa wakicheza futiboli ya Kimarekani msimu wa 1905 na Rais Theodore Roosevelt kuingilia kati. Kanuni yake kuu ilikuwa kwamba huu ni mchezo wa ridhaa. Mchezaji asilipwe. Kuisimamia kanuni hiyo ndiyo ikawa kazi: mwaka 1950 vyuo saba vilivyovunja sheria vilipigiwa kura vifukuzwe, theluthi mbili haikufika, vikabaki. Si unajua, wanaopiga kura ndio hao hao wenye timu!

Mwaka 1951 Walter Byers akawa mtendaji mkuu, na akakaa hapo zaidi ya miaka thelathini. Enzi zake lilizaliwa neno "mwanafunzi-mwanamichezo". Linasikika tamu, eti? Sikia lilivyofanya kazi. Mwaka 1955 Ray Dennison, mchezaji wa Fort Lewis A&M kule Colorado, aliumia kichwa uwanjani akafariki. Mjane wake akadai fidia, ile anayolipwa mtu aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Colorado ikamkatalia: mumewe hakuwa mfanyakazi wa chuo. Kwa hiyo jasho lipo, kiingilio kipo, kazi haipo. Byers mwenyewe alipostaafu aliandika kitabu mwaka 1995 akiushambulia mfumo alioujenga kwa mikono yake. Bora angesema mapema, lakini tuendelee.

Sasa tuje Dallas. SMU ni chuo kidogo cha kulipia, kikishindana na vigogo kama Texas na Arkansas. Miaka ya mwanzo ya 1980 kikawa moto wa kuotea mbali. Msimu wa 1982 hakikufungwa mechi hata moja, sare moja tu, kikamaliza nafasi ya pili nchi nzima kwenye orodha ya AP. Nyuma yake walikuwepo matajiri wapenzi wa timu, watu wa mafuta na majumba. Sisi tuliokulia kwenye Simba na Yanga tungewaita wafadhili. Vijana walikuwa wanapewa hela, na vyuo vingine vya Texas navyo vilikuwa vinakamatwa na makosa ya aina hiyo hiyo.

Mwaka 1985 SMU ikawekwa chini ya uangalizi wa miaka mitatu. Mwaka huo huo NCAA ikapitisha kanuni kali: chuo kikirudia kosa kubwa ndani ya miaka mitano, timu inaweza kufungwa kabisa. Waandishi wakaiita adhabu ya kifo.

Novemba 1986, mchezaji wa zamani, David Stanley, akajitokeza kwenye televisheni ya WFAA na kusema alipewa dola 25,000 ili asaini, halafu akawa analipwa kila mwezi. Mtangazaji Dale Hansen akamkabidhi ofisa mmoja wa idara ya michezo bahasha, akamuuliza kama mwandiko ule ni wake. Jamani, bahasha ni bahasha, iwe Texas iwe hapa kwetu. Uchunguzi ukaonyesha kwamba wachezaji 13 walilipwa jumla ya kama dola 61,000 kutoka mfuko wa siri wa tajiri mmoja, tena wakati chuo kiko chini ya uangalizi. Tarehe 25 Februari 1987 msimu mzima ukafutwa.

Hapa ndipo panaponiuma. Siku chache baadaye, Machi 1987, Bill Clements akakiri. Huyu alikuwa mwenyekiti wa bodi ya chuo, na Januari hiyo alikuwa ametoka kuapishwa kuwa gavana wa Texas. Alisema yeye na wenzake kwenye bodi walijua, na waliamua malipo yaendelee kwa wale waliokwisha kuahidiwa, mpaka wamalize chuo. Waandishi walipombana kwa nini hakusema ukweli tangu mwanzo, alijibu kwamba mambo hayakuwa kama siku ya kuapishwa, yenye Biblia. Gavana huyo alimaliza muhula wake, akatoka Januari 1991.

Vijana je? Makocha wa vyuo vingine walimiminika Dallas kuwachukua, kama mnada. Wengi hawakuwa wamepokea hata senti. Msimu wa 1988 chuo chenyewe kikaona hakuna timu ya kuchezesha, kikauacha. Mwaka 1989 wakarudi na timu iliyojaa watoto wa mwaka wa kwanza, Houston ikawafunga 95 kwa 21. Mechi ya heshima ya mwisho wa msimu, ile wanayoiita bowl, walikuwa wameicheza mara ya mwisho 1984. Walikuja kuicheza tena 2009.

Adhabu hiyo haijatolewa tena kwa timu kubwa ya futiboli.

Na sasa? Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya NCAA kwa kura 9 kwa 0 kwenye kesi ya Alston, na kuanzia Julai mosi mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kupata hela kwa majina na sura zao. SMU ikahamia ligi ya ACC mwaka 2024, ikakubali kutochukua mgawo wa televisheni wa ligi kwa miaka tisa, maana matajiri wake wapo, na Desemba hiyo ikaingia kwenye mtoano wa ubingwa wa taifa. Juni 2025 jaji akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House: vyuo viwalipe wachezaji moja kwa moja, mpaka kama dola milioni 20.5 kwa mwaka kwa chuo, pamoja na malimbikizo ya kama dola bilioni 2.8.

Malimbikizo hayo ni ya waliocheza kuanzia 2016. Wale 13 wa Dallas hawamo.