Mwenyeji ni Nani? Hafla ya Kampuni ya Mfereji wa Suez ya Mwaka 1869 na Gharama za Ukarimu wa Dola

1.0 Utangulizi

Katika nchi za Afrika Mashariki na Kati, miradi mikubwa ya bandari, reli na mabomba hufikia siku ambayo kampuni huiomba serikali ishiriki katika hafla ya uzinduzi. Maswali yanayotawala maandalizi ya siku hiyo huwa ya itifaki: nani akate utepe, nani aketi mstari wa mbele, wageni walale wapi. Maswali mawili yanayopaswa kutangulia huulizwa kwa nadra. Je, kuna haja ya kuifanya hafla yenyewe? Na ikifanyika, mwenyeji wake ni nani?

Makala haya yanayachunguza maswali hayo kupitia sherehe za kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez mnamo Novemba 1869. Simulizi iliyozoeleka husema kwamba Khedivi Ismail, mtawala wa Misri, aliifilisi nchi yake kwa karamu. Simulizi hiyo ina mvuto wa methali, lakini hesabu haziiungi mkono. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba karamu ilikuwa sehemu ndogo ya hasara ya Misri. Madhara yake makubwa zaidi yalikuwa kuficha tofauti kati ya aliyekaribisha wageni na aliyemiliki nyumba.

2.0 Kampuni na Dola kabla ya Sherehe

Tarehe 30 Novemba 1854, Said Pasha, aliyemtangulia Ismail, alimpa Mfaransa Ferdinand de Lesseps idhini ya kuunda kampuni ya kuchimba mfereji kati ya Bahari ya Mediterania na Bahari ya Shamu. Idhini ya pili, ya tarehe 5 Januari 1856, iliweka masharti: kampuni ingeendesha mfereji kwa miaka 99 tangu siku ya kufunguliwa kwake, na Misri ingepata asilimia 15 ya faida halisi. Mtaji ulikuwa hisa 400,000 za faranga 500 kila moja. Zilipouzwa mwaka 1858, wawekezaji wa nje ya Ufaransa hawakujitokeza kama ilivyotarajiwa, na Said akajikuta amebeba zaidi ya hisa 170,000. Kwa hiyo tangu mwanzo Misri ilikuwa mwanahisa mkubwa wa kampuni ambayo haikuiongoza.

Misri ilitoa pia watu. Masharti ya mwaka 1856 yalitaka angalau wafanyakazi wanne kati ya kila watano wawe Wamisri, na katika miaka ya mwanzo ya 1860 wakulima wapatao 20,000 kwa zamu walipelekwa jangwani kwa kazi ya shuruti. Ismail alipotaka kuikomesha kazi hiyo na kuirudisha ardhi iliyokuwa mikononi mwa kampuni, shauri lilipelekwa kwa Napoleon III. Katika uamuzi wake wa Julai 1864, mfalme huyo aliitaka Misri iilipe kampuni fidia ya faranga milioni 84: milioni 38 kwa kukosa wafanyakazi wa shuruti, milioni 30 kwa ardhi na milioni 16 kwa mfereji wa maji matamu. Dola ililipa ili raia wake wasilazimishwe kufanya kazi katika nchi yao wenyewe.

3.0 Kwa Nini Sherehe Ifanyike

Kampuni ilikuwa na sababu za wazi za kutaka hafla. Ilikuwa imemaliza mtaji wake na kuingia katika mikopo, na wenye meli wengi, hasa Waingereza, hawakuwa wamesadiki kwamba vyombo vikubwa vingeweza kupita salama. Msafara wa meli za wafalme ungekuwa ushahidi kuliko ripoti yoyote ya wahandisi. Zaidi ya hayo, siku ya ufunguzi ilikuwa na nguvu ya kisheria: ndiyo iliyoanzisha hesabu ya miaka 99. Sherehe ya tarehe 17 Novemba 1869 iliweka ukomo wa idhini kuwa tarehe 17 Novemba 1968. Wageni waliiona siku ile kuwa ya fataki na muziki. Kwa kampuni, ilikuwa pia siku ya kuanza kwa muda wa mkataba.

Sababu za Ismail zilikuwa za namna nyingine. Misri ilikuwa bado sehemu ya Dola ya Uthmaniya, na cheo cha Khedivi alikuwa amekipata kutoka kwa Sultani mwaka 1867 tu. Kuwakaribisha wafalme wa Ulaya kwa jina lake mwenyewe kulikuwa njia ya kudai hadhi ambayo sheria haikumpa. Kwa hiyo pande mbili zilikubaliana kufanya hafla moja kwa malengo mawili tofauti, na aliyekuwa na lengo la heshima ndiye aliyekubali kubeba gharama.

4.0 Namna ya Kualika na Namna ya Kukirimu

Mwaka 1869 Ismail alizuru miji mikuu ya Ulaya, akawaalika watawala ana kwa ana kana kwamba ni mfalme mwenzao. Mjini Istanbul, Sultani Abdulaziz aliuona mwaliko huo kuwa dharau. Jibu lake lilikuja kabla mwezi wa sherehe haujaisha: amri ya mwishoni mwa Novemba 1869 ilimkumbusha Khedivi mipaka yake na kumkataza kukopa nje bila ridhaa ya Istanbul. Orodha ya wageni, ambayo maafisa wa itifaki huiona kuwa jambo la ukarani, ilikuwa imezaa mgogoro wa kikatiba.

Maandalizi yalibadilisha sura ya Kairo. Jumba la opera lilifunguliwa tarehe 1 Novemba kwa *Rigoletto* ya Verdi. *Aida*, ambayo wengi hudhani ilipigwa siku za sherehe, ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1871. Kasri lilijengwa Gezira, na jingine mjini Ismailia. Mamia ya wageni, wakiwemo waandishi Henrik Ibsen na Théophile Gautier, walisafirishwa, kulazwa na kulishwa kwa gharama ya Khedivi.

Tarehe 16 Novemba, viongozi wa dini za Kiislamu na Kikristo waliomba dua mjini Port Said. Usiku huohuo meli ya Misri iitwayo Latif ilikwama mferejini, na ilinasuliwa kwa taabu kabla ya msafara kufika. Siku iliyofuata, meli L'Aigle iliyombeba Malkia Eugénie wa Ufaransa iliongoza msafara, akiwemo Mfalme Franz Joseph wa Austria-Hungaria na mrithi wa ufalme wa Prussia. Baada ya dansi kubwa katika kasri la Ismailia tarehe 18, msafara ulifika Suez tarehe 20. Wakulima waliokuwa wamechimba kwa mikono katika miaka ya mwanzo hawakuwa na nafasi katika mpangilio wa wageni.

5.0 Hesabu Baada ya Karamu

Makadirio ya gharama za sherehe hutofautiana, mengi yakiwa kati ya pauni milioni 1 na milioni 2. Kiasi hicho ni kikubwa. Hata hivyo, kufikia mwaka 1876 deni la Misri lilikuwa linakaribia pauni milioni 91, na ripoti ya Mwingereza Stephen Cave ya mwaka huo iliweka gharama ya mfereji mzima kwa Misri kuwa takriban pauni milioni 16. Karamu, kwa kipimo hicho, ilikuwa kama asilimia 1 hadi 2 ya deni.

Hasara kubwa zaidi ilitiwa saini bila fataki. Mnamo Aprili 1869, miezi saba kabla ya sherehe, Misri ilikubali kuilipa kampuni faranga milioni 30 ili kuirejeshea dola misamaha ya forodha na baadhi ya mali. Kwa kuwa fedha taslimu hazikuwepo, ililipa kwa kuachia gawio la hisa zake zote kwa miaka 25, hadi mwaka 1894. Mwenyeji wa sherehe ya Novemba alikuwa tayari ameacha haki ya kuonja matunda ya hisa zake.

Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 1870 ni meli 486 tu zilizopita mferejini. Mwaka 1875 Ismail aliiuzia Uingereza hisa 176,602 kwa pauni 3,976,582. Kwa kuwa hisa hizo hazikuwa na gawio hadi 1894, Misri iliahidi kumlipa mnunuzi riba ya asilimia 5 kila mwaka, yaani karibu pauni 200,000. Kwa miaka 19, muuzaji alimrudishia mnunuzi kiasi kinachokaribia bei yote. Mwaka 1880, baada ya Ismail kuondolewa madarakani, haki ya asilimia 15 ya faida nayo iliuzwa kwa faranga milioni 22. Waingereza walipoivamia nchi mwaka 1882, Misri haikuwa na hisa wala fungu la faida katika mfereji uliopita ndani ya ardhi yake.

Faida ya njia hiyo ilienda kwingine, na pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa mapema. Kuanzia mwaka 1872, meli za barua za kampuni ya British India ziliunganisha Zanzibar na Aden, na kupitia Aden na njia ya Suez. Mwaka 1890 Wajerumani walianzisha huduma ya meli iliyosaidiwa na serikali yao kutoka Hamburg hadi pwani hiyo. Mfereji uliozinduliwa kwa karamu ya Misri ukawa njia ya biashara, na pia ya ukoloni, kwa mataifa yaliyohudhuria kama wageni.

6.0 Hitimisho

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii inadhani kwamba mwenyeji ndiye mwenye nyumba. Mwaka 1869 kampuni ilikuwa na mkataba, Misri ikawa na wageni, na waliopona walikuwa wanahisa. Gamal Abdel Nasser alipoutaifisha mfereji tarehe 26 Julai 1956, idhini iliyoanza kuhesabiwa siku ya sherehe ilikuwa imebakiza miaka 12.

Ipo tofauti ya kufundisha. Tarehe 6 Agosti 2015 Misri ilizindua upanuzi wa mfereji, na Mahrousa, meli iliyojengwa kwa ajili ya Ismail, ikaongoza msafara. Faida za kiuchumi za upanuzi huo zimejadiliwa sana, lakini safari hii mmiliki, mkopaji na mwenyeji walikuwa mmoja, na raia waliujua mzigo kuwa ni wao kwa kuwa walinunua hati za uwekezaji.

Kwa washauri wa sera, tukio la 1869 linaacha maswali manne ya kujibiwa kwa maandishi kabla ya kadi ya kwanza ya mwaliko kutumwa. Siku ya hafla inaanzisha wajibu au haki gani katika mkataba? Mwaliko unatolewa kwa jina la nani, na nani anaweza kuupinga? Fungu la dola katika mapato limeshatolewa rehani? Na kati ya waliojenga, nani hayumo katika orodha? Serikali isiyoweza kujibu swali la tatu bila kufungua faili la madeni ina sababu ya kutosha ya kuiachia kampuni iandae na kulipia hafla yake yenyewe, na kuhudhuria kama mgeni.